Mtego wa Mafuta Uliong'aa Kuliko Yote

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu muviweke mapajani. Nanyi wa benchi la nyuma mnaotazama saa, nawaona. Kuku wa sikukuu hajaiva bado, na akina mama walioko jikoni hawawezi kumla peke yao. Kwa hiyo nipeni masikio, nina habari ya jiko jingine.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji ulio kando ya ziwa, mji wa vilima na mawe, ambako ukitoka mlangoni kwako unaona bati la jirani wa chini, naye wa juu anaona lako. Mama huyu alikuwa na mgahawa katikati ya mlima. Alikaanga sato. Na mnajua sato akikaangwa na mtu anayejua kazi anavyokuwa: nje anavunjika, ndani analainika, mifupa unaifyonza huku umefumba macho. Watu walimwita Mama Sato, na jina la ubatizo likasahaulika hata na mumewe.

Huyu mama alikuwa msafi. Nikisema msafi simaanishi kama wewe unavyojidhania. Sakafu ya mgahawa wake ilipigwa deki mara nne kwa siku. Nyumbani kwake kulikuwa na seti ya vikombe vya maua aliyotunzwa siku ya harusi, na miaka ishirini na mbili baadaye hakuna kikombe hata kimoja kilichokuwa kimeonja chai. Mnacheka nini? Nani hapa hana kabati la namna hiyo? Tumekuja majumbani kwenu tukanyweshwa kwenye vikombe vya plastiki, huku vile vya maua vikitutazama kupitia kioo.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na bomba moja la majitaka lililoshuka mlima kutoka juu hadi chini. Wakaangaji wote walimwaga mafuta yao humo. Mafuta yakiwa ya moto hukwenda kama maji, kila mtu akaona yameisha. Kumbe hayajaisha. Yakifika mbele yanapoa, yakipoa yanaganda, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka bomba likaziba na majitaka yakatafuta pa kutokea. Yalitokea wapi? Hayakupanda juu. Yalitokea bondeni, uani kwa mjane mmoja fundi cherehani.

Huyo fundi kila asubuhi alianza kwa kumwaga majivu na kusomba uchafu kwa koleo ndipo akae kwenye cherehani yake. Wateja walikuja na vitambaa huku wameziba pua, kisha wakawa hawaji. Bibi harusi mmoja alichukua gauni lake likiwa nusu, akasema atamalizia kwingine.

Halmashauri ikaona hapana. Ikatunga sheria ndogo: kila jiko la biashara linalokaanga lijenge mtego wa mafuta. Ni kitangi kidogo chenye mfuniko, kinachojengwa pale maji ya kuoshea vyombo yanapotokea. Maji yakiingia yanatulia, mafuta yanaelea na kubaki, maji yanaendelea na safari yake. Kila wiki mwenye jiko anayaengua mafuta yale, anayatia kwenye dumu, na gari la halmashauri linapita kuyachukua. Atakayekiuka, leseni inafutwa na mgahawa unafungwa.

Mama Sato aliposikia neno kufungwa, usingizi ulimruka. Mgahawa ule ndio uliomsomeshea watoto, ndio ulioezeka nyumba. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokijua zaidi ya kukaanga samaki. Wiki haikuisha akawa ameshamwita fundi. Wenzake walijenga mitego ya saruji tupu. Yeye akaupiga wake marumaru nyeupe, ndani na nje, na juu ya mfuniko akatandika kitambaa alichokifuma kwa mkono wake.

Kisha akainama kuutazama. Wapendwa, moyo ukamkatalia. Kitu kizuri namna ile akichafue kwa mafuta ya samaki? Akawaambia wasaidizi wake kwamba mafuta yaliyotumika na maji ya kuoshea makarai wayabebe kwenye ndoo, wakayamwage kwenye chemba ya zamani ya lile bomba, nyuma ya jiko, na wafuatishe maji ya moto na sabuni ya unga ili yateremke vizuri. Kwenye mtego yapite maji ya kusuuzia glasi tu. Na kila Jumamosi jioni alipiga magoti pale na stiliwaya, akausugua mpaka ukawaka.

Mnafikiri alikuwa mdanganyifu? Hakuwa. Hapo ndipo panaponiuma. Tangazo la sheria lilisema kila jiko liwe na mtego. Yeye alikuwa nao. Lilisema mtego usafishwe kila wiki. Nani aliusafisha kama yeye? Alilala akijua ametimiza sheria yote, na amezidisha.

Lakini kule bondeni majitaka yaliendelea kufurika. Mama Sato alimhurumia sana yule fundi, na huruma yake haikuwa ya mdomoni. Kila Ijumaa fundi alipopanda mlima kumtembelea, alifungiwa sato wawili wakubwa. Na kuhusu nani anayeziba bomba, Mama Sato hakuwa na shaka. Ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mkaanga chipsi, mwanamume wa maneno machache mwenye aproni iliyosahau rangi yake. Mtego wa yule bwana ulinuka. Mama Sato alimwambia hivyo mbele ya wateja, si mara moja, na yule bwana akawa anajibu tu kwamba atajitahidi.

Basi bwana afya wa halmashauri akapeleka tangazo kwa mwenyekiti wa mtaa: mitego imejengwa na bomba bado linaziba, kwa hiyo kuna anayekaidi. Jumatano atapita jiko hadi jiko, na atakayebainika, anafungiwa siku hiyohiyo.

Jumatano ikafika. Wengine walikesha wakisugua majiko. Mama Sato alivaa kanga mpya. Aliwaalika hata wanakwaya wenzake waje washuhudie, maana haki ya mtu ikionekana ni vizuri ionekane na wengi.

Bwana afya alianza kwa mkaanga chipsi. Alipofunua mfuniko, wanakwaya walirudi nyuma hatua tatu. Juu kulikuwa na tabaka la mafuta la rangi ya tope, limevimba, lina harufu ambayo sitaieleza mahali hapa. Yule bwana aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, afisa. Nilipaswa kuyaengua juzi. Dumu limejaa, sikuwa na pa kuyatia."

Bwana afya akachomeka fimbo yake, akapima unene wa yale mafuta, akaandika. Akasema ataletewa dumu jingine, na kazi iendelee. Akafunga daftari. Mama Sato alipigwa na butwaa. Akajisemea moyoni kwamba hapo lazima kuna kitu kimepita chini ya meza.

Zamu yake ikafika. Bwana afya aliona kile kitambaa cha kufuma, akakikunja taratibu, akampa mwenyewe akishike. Akafunua. Ndani maji yalikuwa maangavu, na marumaru zilikuwa nyeupe kama siku zilipotoka dukani. Aliuona uso wake mwenyewe mle ndani. Akainama zaidi, akachungulia kila pembe, na Mama Sato akadhani anatafuta maneno ya kusifia.

"Mama, mtego huu una muda gani?"

"Miezi mitatu, baba. Nausugua kwa mkono wangu. Ukitaka, unaweza kunywea uji humo."

"Na sato unakaanga kila siku?"

"Kila siku ya Mungu, isipokuwa Jumapili."

Bwana afya akafunika kalamu yake. "Basi nionyeshe. Miezi mitatu ya sato, mafuta yake yako wapi?"

Wapendwa, kwaya nzima iligeuka kumtazama, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Macho ya wasaidizi wake yaligeuka yenyewe kuelekea nyuma ya jiko. Bwana afya akayafuata yale macho. Akainua mfuniko wa chemba ya zamani, na humo akayakuta, meupe, yameganda, mazito kiasi kwamba fimbo ilisimama yenyewe. Kutoka pale alinyoosha mkono kufuata njia ya bomba, na mkono ule ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye bati la fundi cherehani.

"Mtego usio na mafuta, mama, haujakamata kitu," akasema. Akafunga mgahawa, mpaka bomba lizibuke.

Mama Sato alikalia ndoo iliyopinduliwa, aibu ikampanda mpaka masikioni. Kilichomuuma si kufungiwa. Ni kwamba alijiona anavyomfungia yule mjane samaki wawili kila Ijumaa, na kila Ijumaa hiyohiyo ndoo zake zinateremka nyuma ya jiko. Alilia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, aliinuka, akaazima mabuti ya mpira ya mumewe, akachukua koleo akashuka mlima. Mkaanga chipsi alimfuata na nyaya ndefu za kuzibulia, bila kuitwa, na hakusema lolote kuhusu yale aliyosemwa mbele ya wateja. Kuna watu wana neema kuliko sisi tunaohubiri.

Mama Sato alimkuta fundi kwenye cherehani yake, uzi mdomoni.

"Dada, ni mimi," akasema. "Si huyu wa chipsi. Ni mimi."

Fundi akautoa uzi mdomoni. "Nilijua tangu mwezi wa kwanza. Tangu lini chipsi zikawa na magamba?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi, mama? Kila nikipanda kukwambia, unanipa samaki."

Walitazamana. Halafu fundi akaanza kucheka, Mama Sato naye, kilio na kicheko pamoja, na yule wa chipsi ambaye hajawahi kucheka hadharani akashikilia ukuta. Ilichukua siku nne kulizibua bomba. Siku ya tano fundi alifagia ua wake, mara moja tu, na ukabaki umefagiwa mpaka jioni. Na mgahawa ulipofunguliwa, mtego wa marumaru ulianza kuchafuka kama mitego ya wenzake.

Sasa tugeukie sisi, maana naona mmecheka vya kutosha.

Sisi tunakuja hapa Jumapili tumepigwa pasi. Ukimwuliza mtu habari za juma zima anakujibu salama, namshukuru Mungu. Ikifika saa ya toba tunatoa toba ya jumla, ile isiyomtaja mtu wala siku, na tunaondoka tunang'aa. Na hakuna ubaya kung'aa. Lakini ndugu yangu, wewe unaishi mahali penye moto. Kazini unadharauliwa, sokoni unapunjwa, mwenye nyumba anakusumbua, jirani anakusema. Unakaangwa tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Nikikufunua nisikute hasira hata tone moja, wala kinyongo, wala wivu, sitapiga makofi. Nitakuuliza kama bwana afya: mafuta yako wapi?

Yako mahali. Hayapotei. Na siku zote yanateremka, hayapandi. Hukumfokea bosi wako, unamfokea mkeo. Hukumjibu mama mkwe. Unamchapa mtoto kwa kosa la kumwaga maji. Umemchekea mzee wa kanisa aliyekuudhi, ukafika nyumbani dada wa kazi akajuta kuzaliwa. Kisha, kwa kuwa una moyo mzuri, unamnunulia kiatu. Amepokea kiatu, amefunga mdomo. Atakwambia saa ngapi?

Toba ndiyo mtego tuliopewa. Kazi yake ni kupokea uchafu. Ukiona aibu kuuchafua kwa habari zako za kweli, wewe umeujengea marumaru tu.

Nami nisiwaache mkidhani nasimulia ya ziwani peke yake. Alhamisi hii iliyopita tulikuwa na kikao cha baraza la wazee kuhusu paa la kanisa. Wazee wangu mlinibana saa tatu nzima, na mlikuwa na haki kwa sehemu. Nilitabasamu. Nikafunga kwa sala ndefu yenye upole mwingi. Mzee katibu alinishika mkono akasema, Mchungaji, una moyo wa subira. Nikapokea sifa hiyo nikaenda nayo nyumbani. Nikafika, nikakuta chakula kimepoa, kwa sababu ni mimi niliyechelewa. Maneno niliyosema mezani pale yalikuwa ya kikao. Aliyeyapokea hakuwa kwenye kikao. Jana nilimletea mke wangu kitenge, akashukuru, na nikaona kwamba alikuwa na neno la kusema akalimeza.

Wazee, niliwakasirikia. Hilo tutalizungumza Alhamisi ijayo, uso kwa uso.

Na wewe mama uliyekaa benchi la tatu karibu na dirisha, kitenge kiwekwe pembeni leo. Nilikosa. Tukifika nyumbani nitakaa kwenye kiti nisiseme kitu, nawe uniambie lote.