Redio ya Fundi Visu

Wapendwa, kulikuwa na fundi visu aliyeanza kuiogopa mashine yake mwenyewe, ile ya mkanda wa msasa unaozunguka kwa kasi. Zamani aliizima kila baada ya visu vichache ipate kupoa, akaipangusa vumbi la chuma, akaitia grisi. Siku hizi wapi! Oda zilimzidi, na sasa beringi ilikuwa inalia. Alijua inataka nini. Lakini kila akishika spana, moyo unamwambia: je, ukifungua ukakuta imekufa, watoto watakula nini? Akafanyaje? Akaleta redio, akafungulia kwaya kwa sauti kubwa. Mlio hakuusikia tena, naye akamshukuru Mungu, eti!

Mkewe akamwambia, "Baba Atupele, hiyo mashine inalia mpaka jikoni."

"Hao ni soprano, mke wangu. Leo wamepania."

Siku moja umeme ukakatika. Redio ikanyamaza papo hapo, ila mashine ikaendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki, na fundi akaisikia peke yake, kriiii, mpaka iliposimama. Jasho jembamba likamtoka. Wewe ungefanya nini hapo? Yeye, umeme uliporudi, aliongeza kwanza sauti ya redio, ndipo akashika kisu.

Mkewe alikuwa anaingia na chai beringi ilipokwama. Mkanda ukakatika, ukamnyang'anya fundi kisu, kikaruka kikachoma fremu ya mlango, vidole viwili tu kutoka shingoni mwa yule mama. Yesu wangu! Kikombe kikaanguka.

"Nilikuambia," mama akasema. "Si nilikuambia?"

Fundi akaifungua mashine akilia. Mnadhani alikuta nini? Vumbi, na beringi iliyokauka ikajisaga yenyewe. Siku ile ya kwanza, kijiko kimoja cha grisi kingetosha.

Ndugu zangu, ndivyo tulivyo. Ndoa inalia, sisi tunaimba. Dhamiri inalia, sisi tunaomba kwa kipaza sauti. Tunaogopa kufungua, halafu woga wetu tunauita ibada! Umekaa hapo unaniitikia amina, na nyumbani kwako kuna kitu kinalia tangu mwaka jana. Unakijua. Na anayeingia na chai unamjua.

Mimi leo sitaki kuwa redio yako. Wanakwaya, msisimame. Nanyamaza. Sikiliza.