Kiboko Alivyofuata Mafuta kwa Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji. Mji wenye shibe, au mji wenye njaa?

Wewe ndiwe ujuaye, tuambie!

Basi tegeni masikio. Hapo kale, kando ya mto, palikuwa na mji wa wanyama wadogo. Walikuwa na mashine moja ya kusagia unga. Mashine ilikunywa dizeli, na dizeli ilitoka ng'ambo. Aliyeweza kuvuka mto na pipa mgongoni alikuwa mmoja tu: Kiboko.

Na Kiboko alijua hivyo. Pipa la kwanza alitaka mahindi ya mji mzima, akapewa. Pipa la pili alitaka bonde la mpunga, akapewa. Pipa la tatu akatazama huku na huku, akasema, "Safari hii nataka kiwanja cha Kuchakuro. Kiko karibu na maji. Nitajilaza pale."

Watu wakamgeukia mwenyewe. Kuchakuro, yule mdogo wa mkia wa manyoya akaaye mitini, hakuwa na kitu kingine. Na katika kiwanja kile alikuwa amemzika mkewe, akapanda mibono kulizunguka kaburi, kama ilivyo desturi, asipite mtu juu yake. Mibono ilikuwa imekua na kuzaa. Mbegu zilianguka, zikabaki chini. Mbegu za mbono haziliwi, zina sumu.

"Mpe tu," akasema Kanga, aliyekuwa somo wa marehemu. Kisha akaona aibu. "Si kwa ubaya, shemeji. Nina watoto kumi na mmoja, na siku mbili hizi wanalalia maji."

"Najua, shemeji," akasema Kuchakuro. "Nipeni siku nne."

Kiboko akapiga mwayo. "Nne haya. Ya tano nakuja kulala."

Kuchakuro akaenda kaburini. Akaokota mbegu moja, akaipasua, akaiminya. Kidole kikang'aa mafuta. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, maana nyua zote za mji ule zilikuwa za mbono. "Okoteni. Msile. Leteni."

Magunia yakajaa hata kabla ya jioni.

Sasa, katika banda moja lililoezuka palikuwa na kinu cha zamani cha kukamulia ufuta: gogo lililochimbwa, mchi mnene ndani yake, na mti mrefu wa kuuzungusha. Ngamia aliyekuwa akiuzungusha alihama siku nyingi. Wakasukuma wote, eeeh! Kinu hakikusogea.

"Hapa panataka mnene," akasema Nungunungu, fundi wa mashine.

"Mnene tunaye," akasema Kuchakuro. Akashuka mtoni.

"Bwana Kiboko, kuna mahali mafuta yanadondoka to, to, to, mchana kutwa. Na hakuna mto wa kuvuka."

Masikio mawili yakatoka majini. "Wapi, we kimkia?"

"Mwendo wa siku tatu. Lakini njia yake haitazamwi. Anayekwenda hufungwa macho, na mti begani."

"Mti wa nini?"

"Asiye na mti hapati mafuta."

"Nani mwingine umemwambia?"

"Nimekujia wewe kwanza."

"Basi usimwambie wa pili!"

Alfajiri Kiboko akafungwa macho kule mtoni, akaongozwa hadi bandani, akafungwa mti wa kinu begani. Nungunungu akamimina mbegu kinuni. "Haya, bwana, safari!"

Kwii-kwaa, kwii-kwaa. Kiboko akatembea.

"Kuchakuro! Mbona mti huu unalia?"

"Umezoea mizigo ya mtoni, bwana. Ya nchi kavu hulia."

Kwii-kwaa, kwii-kwaa. Kiboko akatembea.

"Kuchakuro! Mbona jua linanipiga shavu la kulia, mara la kushoto, mara kisogoni?"

"Njia ina kona, bwana."

Siku ya pili, kwii-kwaa, kwii-kwaa.

"Kuchakuro! Mbona nasikia sauti ya Kanga?"

"Kanga wana ndugu kila mji."

Kanga akabana sauti: "Karibu, mgeni! Pole na safari!"

"Ahsante, mama," akasema Kiboko. Kisha akanong'ona, "Watu wa huku wana adabu. Si kama wa kwetu."

Siku ya tatu pua ikamcheza. "Nasikia harufu ya mafuta!"

"Tumekaribia, bwana. Kaza mwendo!"

Kiboko akakimbia. Kwiikwaakwiikwaakwiikwaa!

Na mafuta, to, to, to, yakajaza pipa. Yale ya siku ya kwanza Nungunungu alikwisha kuyachuja na kuyapasha moto, akayachanganya na pombe kali ya muhogo na magadi ya sabuni, akayaacha yatulie. Mazito yakazama, wakayafanya sabuni. Mashudu yakaenda shambani kuwa mbolea. Mepesi, ya rangi ya asali, akayatia mashineni.

Puu. Kimya. Puu. Kisha tuku-tuku-tuku-tuku!

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kanga.

"Umefika, bwana," akasema Kuchakuro, akamfungua kitambaa.

Kiboko akaona pipa, akacheka. Akaona mashine, akaacha kucheka. Akamwona Kanga.

"Hapa ni wapi?"

"Kwetu."

"Nimetembea siku tatu!"

"Na hukupotea hata hatua moja."

"Pipa hili langu!"

"Libebe, bwana. Utampelekea nani?"

Kiboko akatazama huku na huku. Wanunuzi wake wote walikuwa pale, kila mmoja na kibuyu chake kimejaa mafuta. Wakampimia unga wa ujira wake, kwa haki, maana kazi alifanya. Kanga akamkung'uta vumbi mgongoni: "Karibu tena, mgeni." Kiboko akaingia mtoni mpaka puani. Siku ya tano hakwenda kulala kwa mtu.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Kheri iliyomo gawaneni; uongo uliomo niachieni, ni wangu.

Na funzo lake, wanangu, mlishike: mafuta mazuri hutoka mbali sana. Asiyeamini amuulize Kiboko. Yeye aliyafuata siku tatu, kwa miguu, wala hakutazama kando.