Nani Aliyemrudisha Chambuso?

Nyamazeni niwape kesi, na mkishindwa kuiamua msinisingizie mimi. Palikuwa na mashujaa watatu, wa aina ile mnayoinunua kwenye vitabu vya katuni: wanaume wazima, kaptura juu ya suruali, shuka mgongoni, wanajiita wakombozi. Jicho aliona kupita milima na kuta. Bawa aliruka juu kuliko mwewe. Ngumi alivunja jiwe kwa konde moja, na kichwa chake nacho kilikuwa cha jiwe.

Vita vya mpakani vilipopiganwa hawakuonekana. Ukiwauliza, wanakwambia nguo zilikuwa kwa dobi! Waliokwenda ni watu kama Chambuso, fundi baiskeli, ambaye posa yake kwa Zawena ilikuwa imekwisha kukubaliwa. Akapewa buti zisizomtosha, akaenda. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye akatangazwa amekufa. Kijiji cha kina Chambuso kilichomwa moto, hakubaki ndugu yake hata mmoja. Zawena alimlilia waziwazi, bila kumwonea mtu haya, na kila posa iliyokuja akaikataa.

Hatimaye baba yake mdogo, Mzee Semkiwa, akachoka. "Mwanangu, mwenye mashine ya kusaga amekuja tena. Ijumaa hii baada ya swala nampa jibu, na jibu ni ndiyo."

Zawena akawafuata mashujaa, akawasihi wakatafute walau kaburi la Chambuso. Aliwakuta wanapigwa picha.

Jicho akapanda juu ya paa, akatazama ng'ambo ya mpaka, akamwona Chambuso ndani ya gereza la chini ya ardhi, amekonda lakini yu hai. "Bila mimi mngetafuta mpaka mzeeke," akasema, hata kabla hajashuka.

Bawa akawabeba wenzake mgongoni, akavuka mashamba yaliyotegwa mabomu ambako mguu usingepita salama. "Bila mimi mngekuwa bado mnafunga kamba za viatu," akasema, huku akigeuka ili upepo ulipeperushe shuka lake vizuri.

Ngumi akapiga ukuta wa gereza, ukaanguka. Akapiga na wa pili, ambao haukuwa na kosa. "Bila mimi mngeishia kumchungulia."

"Ahsanteni, ndugu zangu," Chambuso akasema. "Zawena ameolewa?"

Mashujaa walikuwa wanabishana nani asimame katikati kwenye jalada la kitabu.

Wakafika naye Ijumaa asubuhi. Mzee Semkiwa akasimama mlangoni. "Posa ya kwanza ilikufa siku ulipotangazwa umekufa," akamwambia Chambuso. "Na mtu hajiposei mwenyewe. Kama huna ndugu, aje mshenga. Nataka yule aliyekurudisha, aniapie kwamba ni wewe. Nitamkalisha mkekani, ale nami."

"Sisi hapa!" wakasema wote watatu.

"Mshenga ni mmoja. Hii ni posa, si mkutano wa hadhara."

"Baba mdogo, si huyo hapo nje?" Zawena akalia. "Namwona dirishani!"

"Hata mimi namwona. Aje mshenga."

Basi ushujaa ukaishia hapo. Jicho akasema aliyemrudisha ni aliyemwona. Bawa akasema kuona si kurudisha, hata kipofu angeweza kuambiwa. Ngumi akasema wenzake walikuwa watalii tu. Chambuso akawapigia magoti: "Yeyote, jamani. Pigeni hata kura." Wakamwambia asiingilie mambo ya wakubwa.

Wameruka milima, wamebomoa gereza, na sasa kizingiti cha mlango kimewashinda. Mwenye mashine ya kusaga amekwisha kunyoosha kanzu yake. Zawena ameshika nondo za dirisha, maana safari hii atakayempoteza hayuko vitani, yuko uani kwao.

Mimi nasema wazi, nawadharau wote watatu. Lakini dharau yangu haimfungulii Chambuso mlango. Lazima mmoja aingie, na mzee anataka aliyemrudisha kwa haki. Haya, nyinyi mliokuwa mnawacheka: ungekuwa wewe, ungemwingiza nani? Semeni basi. Watu wameanza kutoka msikitini.