Jezi Moja, Macho, Kipimo na Mkono

Sogeeni, lakini msinijazie kelele. Hadithi yangu ina watu watatu, na hakuna hata mmoja ninayemhurumia. Wote walikuwa na vipaji, na wote walikuwa na vichwa vilivyovimba.

Wa kwanza ni Mwantumu, binti wa fundi rangi. Huyo alikuwa na macho. Mwonyeshe vitambaa viwili vyeusi, atakwambia hiki kina ukijani ndani yake, kisha akutazame kwa dharau kwa kuwa wewe hukuuona.

Wa pili ni Kibwana, mwenye kipimo. Humpi kipande cha muhogo asikigeuzegeuze kwanza kuona kama kimekatwa sawa.

Wa tatu ni Singano, mwenye mkono. Kwenye gemu la kufyatuliana risasi mkono wake ulifika kabla mwenyewe hajafikiri. Na kufikiri, jamani, hakukuwa kazi yake.

Walikuwa timu moja katika chumba cha gemu cha Bi Chausiku, Barabara ya Kumi na Nne, Tanga. Bi Chausiku ana utaratibu wake: timu moja, kompyuta moja. Mmoja anakaa na kushika kipanya, wenzake wanasimama nyuma ya kiti. Timu ikishinda fainali, mtu mmoja anavishwa jezi iliyotundikwa msumarini, anakwenda Dar es Salaam kuwakilisha chumba. Mmoja tu.

Mwantumu aliitaka jezi ile mpaka akaiota. Baba yake alikwisha kumwambia: mwaka huu ukiisha ni brashi na kuta, gemu basi.

Siku ya fainali Singano alikaa kitini kwa maringo. Sasa, katikati ya kioo cha gemu hizi kuna alama ya kulengea, kijimsalaba kinachoonyesha risasi itatua wapi. Kila mchezaji huipanga rangi na ukubwa apendavyo. Ya Singano ilikuwa nyekundu, nene. Alikuwa amemwiga bingwa mmoja wa Ulaya aliyemwona kwenye video.

"Bingwa anatumia hii hii," alisema.

Mwantumu alisonya. "Bingwa ana kioo kikubwa kama mlango. Wewe chako kama kisahani. Umevaa kanzu ya mtu mrefu, unajikwaa."

Nyoo! Wachezaji wa gemu wakiambiwa jambo wanasikia? Singano akaendelea. Kwenye uwanja wa mchanga alipiga kila kilichosogea. Walipohamia uwanja wa nyasi akakosa, akakosa tena, akalaumu kipanya.

Mwantumu alikuwa nyuma yake akimtazama. Aliona kwamba kwenye nyasi, kabla ya kufyatua, Singano anatikisa kipanya ili aone alama yake iko wapi. Akaelewa. Nyekundu na kijani kwa Singano ni kitu kimoja, na jitu lile limeficha aibu yake miaka yote kwa kelele. Mapumzikoni Mwantumu akainama, bila neno, akaibadilisha alama kuwa buluu iliyopauka.

"Rangi ya vitoto vichanga," Singano akanung'unika. Lakini hakutikisa kipanya tena.

"Na unene huu wa nini?" Kibwana akadakia. "Adui akiwa mbali unamfunika kichwa chote. Unalenga nini sasa?" Akaipunguza alama, akaiachia uwazi katikati, akapunguza tena, mpaka kichwa cha mtu wa mbali kikaenea sawasawa katika uwazi ule. Ilimchukua mapumziko yote, huku akihema kama anayetoa mwiba.

Raundi ya mwisho, adui wa mwisho. Akachungulia kutoka kwenye nyasi, mbali, kichwa tu, na kwa kufumba na kufumbua angekuwa ameshajificha. Singano akafyatua. Chumba kikalipuka kwa vifijo.

Bi Chausiku akaitungua jezi. "Kila mmoja aseme mbele ya watu alichofanya. Atakayeniridhisha anavaa."

"Mimi ndiye niliyepiga," Singano akasema. "Hawa walisimama nyuma kama mapazia."

"Kwa alama yako ile nene ungepiga mti," Kibwana akajibu.

"Na huyu dada? Kachagua rangi! Hata shangazi yangu anachagua rangi ya kanga."

Watu wakaangua kicheko. Mwantumu akahisi uso unamwaka. Jibu alikuwa nalo, maneno machache tu, na Singano angetembea Tanga nzima akichekwa. Singano akamwona anavyomtazama. Akagundua kwamba binti huyu anajua, akajifanya anapangusa kipanya.

Mwantumu akamgeukia Bi Chausiku. "Huko Dar, alama anapanga nani?"

"Mchezaji mwenyewe. Kompyuta tupu, uwanja unabadilika kila raundi, nyasi, theluji, mchanga. Na mwenzako haruhusiwi kukusogelea."

Kila mmoja kati ya wale watatu alijijua. Singano ana mkono, lakini nyekundu yake itamezwa na nyasi, buluu ile itamezwa na theluji, na rangi nyingine hajui kuchagua. Mwantumu ana macho, lakini mpaka afyatue, adui keshakunywa chai. Kibwana ana kipimo, na raundi itaisha angali anapima.

"Nakusubiri wewe, binti," akasema Bi Chausiku. "Ulifanya nini cha maana?"

Mwantumu akamtazama Singano, akaitazama jezi, akafungua kinywa.

Namwacha hapo hapo. Na wewe unayecheka huko nyuma, usiniambie wagawane. Ukiikata jezi mapande matatu kinabaki kitambaa cha kufutia vioo. Bi Chausiku hajui siri ya Singano, lakini wewe sasa unaijua. Haya, ungekuwa wewe, jezi ungemvisha nani?