Kwa Nini Watu Hupiga Hodi

Kulikuwa na wakati, jamani, mtu aliingia nyumba yoyote kama upepo. Kule milimani Vuweni hapakuwa na ua wala mlango. Mwenye njaa alipakua kwenye chungu kilichokuwa jirani, mwenye usingizi alilala alipoangukia. Hata bwana harusi aliweza kuamka akakuta mjomba wa watu amelala katikati. Nao walijisifu kwamba hawajui changu wala chako.

Aliyeumia ni Nakiete, mfinyanzi. Kila alipoanika mitungi mibichi, wapita njia waliishikashika wakiisifia, na mtungi ulioshikwa ukiwa mbichi ulipasuka motoni. Vuweni nzima haikuwa na mtungi usiovuja. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, na mama mkwe wake, ambaye miguu ilishamkataa kwenda mtoni, asingekimaliza bila maji ya akiba.

Nakiete aliwasihi, wakacheka. Basi akachomeka masale, ile mimea yenye majani marefu, kuzunguka kiwanja chake, akaacha mwanya wa kupita mtu mmoja.

Kijiji kikachafuka. Wengine walisema kaficha nyama. Wakamtuma shemeji yake Mbonea, ndugu wa mumewe, mkubwa wa sauti na wa tumbo, akayang'oe masale.

Mbonea alifika kwenye mwanya, akaona mitungi imepangwa, mizima, haina alama ya kidole. Pembeni alimwona mama yake amelala mchana, peke yake mkekani, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mguu ukainuka, ukarudi palepale. Sasa afanyeje? Hakuna aliyewahi kusimama nje ya nyumba ya mtu. Neno pekee la kuzuia alilolijua ni lile la kuwazuia mbuzi wasiingie kwenye maharage.

"Hodi," akajiambia kwa sauti. "Hodi, hodi."

Waliomfuata wakaangua kicheko: leo Mbonea anajichunga mwenyewe.

Nakiete angeweza kumfukuza. "Shemeji, mbona umesimama mbali?" akasema. "Sogea karibu."

Mbonea alishakula katika nyumba zote za Vuweni, lakini hakuwahi kuitwa hata katika moja. Machozi yakamlenga, akasingizia moshi. Akaingia polepole, mikono nyuma, akakaribishwa kama mfalme. Nje, waliokuwa wakicheka walikuwa wameshapanga foleni, kila mmoja akijaribu lile neno la mbuzi.

Kiangazi kilikuta kila nyumba ina ua na mtungi uliojaa. Yule bibi alikivuka akiimba.

Na tangu siku hiyo, mtu husimama mbele ya mlango ulio wazi, akimwona kabisa mwenye nyumba anatafuna, akapiga hodi vilevile. Njia anaiona, anachongoja ni kuitwa.