Kwa Nini Mwalimu wa Uyoga Hufumba Macho

Sogeeni karibu, moto huu unatutosha sote. Hapo kale, huku juu Kivungwe, kufundisha kulikuwa kuonyesha tu. Mwalimu alitangulia, mwanafunzi akafuata. Mwalimu alinyoosha kidole akasema, "Huu unaliwa, ule unaua," na mwanafunzi akaitikia, "Nimeelewa." Kisha wakarudi nyumbani kupika.

Aliyeujua uyoga wa msitu wetu kuliko wote aliitwa Nakiete, mwanamke mwepesi wa miguu, asiye na subira. Miezi ya njaa, mahindi yakiwa bado machanga shambani, watu wa Kivungwe waliishi kwa uyoga aliouchuma yeye. Wasichana wengi walimfuata wakachoka. Aliyedumu ni Namkunda, binti wa kaka yake. Misimu ilipita akimfuata, na kwa kuwa kila alichoonyeshwa alikiitikia, moyoni alijiona amekwisha kufuzu.

Kisha macho ya Nakiete yakaanza kuingia ukungu. Mvua za mwaka mmoja zilipoanza, hakuona tena hata mkono wake mwenyewe. Watu wakaingiwa na hofu, maana ghala zilikuwa tupu.

"Usihofu, shangazi," Namkunda akamwambia. "Nitakushika mkono. Uyoga naujua."

Walipofika msituni, Namkunda aliona uyoga umechipuka kando ya gogo, mweupe na mwingi. Akafurahi.

"Umeona nini?" Nakiete akauliza.

"Ule ule wa mwaka jana, shangazi."

"Ule ule upi? Mimi sioni. Nieleze."

Namkunda akauinamia. Ulikuwa mweupe. Ulikuwa na kofia. Zaidi ya hapo hakuwa na neno, kwa kuwa miaka yote ile alikuwa akikitazama kidole cha shangazi yake, si uyoga. Akachuma mmoja, akamtia mkononi. Nakiete akaupapasa taratibu kutoka kofia hadi shina, na huko chini vidole vyake vikakutana na kifuko laini kilichokuwa kimejificha udongoni. Akautupa mbali, akapangusa mikono kwa majani.

"Huu ungetumaliza," akasema.

Namkunda akaketi chini akalia. Nakiete alizoea kuwakaripia wasichana, lakini siku hiyo hakukaripia. Alikaa kando yake, akasema, "Usilie, mwanangu. Nilikuonyesha mengi, sikukuuliza hata moja. Haya, shika mwingine. Safari hii sema wewe, nami nisikilize."

Basi wakaanza upya. Namkunda alieleza rangi ya chini ya kofia, harufu yake, udongo na mti uliokuwa karibu, na alipokosea alirudishwa nyuma. Asubuhi iliyofuata, kabla hawajatoka nyumbani, Nakiete alimwuliza mambo ya jana. Mengi yalikuwa yamemtoka. Kwa aibu akaomba aambiwe tena, shangazi yake akakataa.

"Yatafute kwanza humo kichwani. Ukiyakosa kabisa, ndipo nitakuambia."

Kutafuta kule kulimchosha kuliko kupanda mlima, lakini alilolipata kwa njia hiyo halikumtoroka tena. Na kila alipodhani jambo limekwisha, Nakiete alimwuliza tena siku nyingine, katikati ya kutwanga au njiani kwenda kisimani.

Mvua zilipokolea, Namkunda alikwenda msituni peke yake, akarudi na kikapu kimejaa uyoga. Alitaraji shangazi yake aupapase wote. Nakiete hakuugusa. Alimwambia aeleze alichokichuma, akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Pika," akasema.

Uyoga ulipoiva, Nakiete akanyoosha mkono kuomba bakuli, akala wa kwanza. Namkunda alimtazama, yeye mwenyewe asijipakulie.

"Mbona huli?" Nakiete akauliza.

"Naogopa, shangazi."

"Mimi siogopi."

Wakala pamoja, na kijiji kizima kikala, hata mahindi yakakomaa bila mtu kuzikwa kwa njaa wala kwa sumu. Namkunda akaja kupiga magoti amshukuru shangazi yake. Nakiete akamshika mabega, akamwinua.

"Mwenye kushukuru ni mimi," akasema. "Nilikuwa nikilala nikiwaza kwamba haya ninayoyajua nitazikwa nayo."

Na tangu siku hiyo, huku Kivungwe, mwenye kufundisha uyoga hufumba macho anapofika msituni, hata kama macho yake ni mazima, na mwanafunzi ndiye husema. Kesho yake huulizwa kabla ya kuonyeshwa lolote jipya. Hatangaziwi kwamba amefuzu. Siku ikifika, hupika alichokichuma peke yake, na mwalimu hula wa kwanza. Hapo mwanafunzi husema, "Ahsante, mama." Mwalimu naye, angali akitafuna, humjibu ahsante vilevile.