Ubani wa Bi Mwanamvua

Bwana Kasimbazi, tajiri aliyekuwa akiuza fleti za kifahari katikati ya jiji, alimfukuza Bi Mwanamvua, mkaanga mihogo wa pale langoni.

"Moshi wako unanikimbizia wateja!"

"Naondoka, baba. Ila Ijumaa niruhusu nije nifukize ubani kidogo hapa nilipokuwa nikikaa."

"Ubani unanukia vizuri. Fukiza!"

Ijumaa wateja walimkuta amejitanda kanga, analia huku akifukiza ubani na kunyunyiza marashi ardhini. Mmoja baada ya mwingine wakageuza magari.

Bwana Kasimbazi akaja mbio. "Mama, nani kazikwa hapa?"

"Hajazikwa mtu, baba. Ninalilia jiko langu."

Jumamosi, tajiri mwenyewe ndiye aliyechochea kuni za jiko la Bi Mwanamvua pale langoni, akihimiza moshi uonekane mbali.